Mbuzi wa Kukata Udugu

Usevya, Mpimbwe
12 Novemba 2023

Kwa mdogo wangu Lucas,

Shikamoo zako siku hizi hazifiki, lakini mimi naitika hivyo hivyo: marahaba. Huku hatujambo, ukiacha hilo nitakalokueleza chini. Baba goti linamsumbua ila bado anapanda baiskeli kwenda shambani, na ukimkataza anakuuliza kama umemnunulia gari. Mvua imeanza kwa kiburi. Majaruba ya mpunga yamejaa maji kabla hatujamaliza vitalu vya miche. Shemeji yako Venansi amefunga mkanda mpya kwenye mashine ya kukoboa, kwa hiyo wateja waliokuwa wanatutangaza kwamba mchele wetu unatoka vipande wamerudi wenyewe, na salamu juu.

Utajiuliza kwa nini naandika barua kama mtu wa zamani. Simu ni moja, ni ya Venansi, na nikianza kuongea mama mkwe wangu Katarina anasogeza kigoda. Kwa hiyo bahasha hii nampa kondakta, anamwachia jamaa yetu Cletus dukani kwake Kashaulili, Mpanda mjini, naye Cletus anajua mabasi ya Dar. Ukijibu, pitishia hapo hapo.

Sasa lililonishikisha kalamu. Mpwa wako Tereza ana miezi minane. Septemba alikuwa anakaa mwenyewe, nilikutumia picha ameshika mwiko. Sasa hakai. Nikimkalisha anaanguka upande kama kiroba kisichojaa, na shingo imelegea. Halafu kuna kuruka. Sufuria ikianguka, mlango ukigonga, hata mtu akipiga chafya, mtoto anaruka mwili mzima na mikono inatawanyika. Hazoei. Sauti ikirudi ile ile, anaruka vile vile. Mashine ikiwashwa inabidi nimkimbize nyuma ya nyumba.

Zahanati wamesema degedege, wakatoa dawa. Mama mkwe anasema kuna kitu kimemshtua. Mimi nilimlea kaka yake Denis mpaka nikamzika kabla hajatimiza miaka mitatu, Lucas, na Denis naye alianza kwa kuruka.

Baada ya msiba ule uliacha masomo ya malaria ukasema utasoma ubongo wa watoto. Haya, umesoma. Niambie kama ni kitu kile kile, au ni mimi nimeingiwa na woga. Usinizungushe.

Dada yako,
Klementina


Dar es Salaam
3 Desemba 2023

Dada Klementina,

Shikamoo! Nimeiandika kubwa ili usipate la kusema. Barua yako ilikaa dukani kwa Cletus muda mrefu kwa sababu alifunga akaenda kwenye harusi Karema, akarudi na dagaa na maneno mengi. Mimi mzima. Joto la huku halina huruma. Panya wangu wa maabara wana kiyoyozi, mimi nina dirisha. Msalimie Baba na goti lake, na shemeji Venansi, na Mama Katarina pamoja na kigoda chake.

Dada, sipendi kusema neno juu ya mtoto ambaye sijamshika. Degedege lina sura nyingi, na watoto wengine huchelewa kisha wakawashangaza watu. Naomba unisaidie kwanza. Mpeleke Tereza Mpanda mjini, kwa daktari wa macho. Najua utashangaa, mtoto anaumwa shingo mimi nakupeleka kwa wa macho. Mwambie ammulike ndani kabisa, nyuma ya jicho, akuambie ameona nini na ni rangi gani. Uniandikie kwa maneno yake mwenyewe.

Halafu hospitali watakuuliza maswali, kama walivyokuuliza wakati wa Denis: alizaliwaje, alilia, aliwahi kupata homa kali, na mengine ya familia. Uniandikie walichouliza na ulichojibu. Hasa hayo ya familia.

Usilale na mawazo. Nikijua zaidi nitakuambia.

Mdogo wako,
Lucas


Usevya
14 Januari 2024

Mdogo wangu Lucas,

Heri ya mwaka mpya, ingawa huku umeanza kama ulivyoisha ule mwingine. Krismasi tulichinja kuku wawili, na Baba akasalisha rozari ndefu mpaka watoto wa jirani wakasinzia na nyama mdomoni. Miche imepandikizwa. Mgongo wangu unaujua kila mche.

Mpanda nilienda. Nililala Makanyagio nyumbani kwa Cletus, mkewe Dorice alinipokea vizuri mno, hakuniruhusu hata kuosha kikombe. Daktari wa macho ni kijana. Alimmulika Tereza muda mrefu mpaka mtoto akachoka kulia. Akasema nyuma ya macho yote mawili kuna doa jekundu, la mviringo, limezungukwa na weupe. Akamwita mwenzake naye akachungulia. Kisha wakanyamaza wote wawili. Mtu wa hospitali akisema namwogopa kidogo, akinyamaza namwogopa sana.

Wakanipeleka kwa daktari wa watoto, naye akaanza maswali. Alipofika katikati akauliza, "Mama, nyie na baba mtoto mna udugu wowote?" Nikajibu hapana. Wakati wa Denis waliuliza, nikajibu hapana. Padri aliuliza kabla ya ndoa, tukajibu hapana, mimi na Venansi kwa sauti moja, na nilipokea sakramenti moyo ukiwa mweupe.

Najua ndilo ulilotaka kusikia, ndiyo maana ukaandika "hasa hayo ya familia". Wewe siku ile ya mbuzi, kabla ya ndoa yangu, ulikuwa bodingi, ulisimuliwa tu. Mimi nilikuwepo. Baba Mkubwa Salvator aliwaweka watu wa Venansi upande mmoja wa njia na sisi upande mwingine, mbuzi katikati. Ngozi ilipochunwa Baba alishika ncha moja, baba yake Venansi akashika nyingine, wakavuta, na Baba Mkubwa akapitisha kisu katikati. Nyama yao walikula wao, yetu tukala sisi, hakuna aliyeonja ya mwenzake. Baba Mkubwa akasema kuanzia leo kilichokuwepo hakikuwepo, na atakayekitaja atakirudisha, na kitarudi kwenye tumbo la mwanamke. Tumbo lenyewe ni langu, Lucas. Ulitaka nijibu nini?

Daktari aliandika hakuna, akageuza ukurasa. Akasema huenda ni ugonjwa alioupata kabla ya kuzaliwa, turudi baada ya miezi mitatu.

Sasa na wewe nijibu. Hilo doa ni nini?

Dada yako,
Klementina


Dar es Salaam
10 Februari 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na miche imeshika. Mimi ni mzima wa mwili. Juzi nilikula wali wa mgahawani hapa, nikaukumbuka wa kwetu nikaacha nusu sahani, na mhudumu akaniuliza kama naumwa.

Nimekaa na barua yako muda mrefu kuliko inavyostahili. Nitakuambia ninachokijua, na nitajitahidi nisikuzungushe.

Kila seli ya ubongo ina ngozi ya mafuta. Juu ya ngozi hiyo kuna mafuta ya aina ya pekee, yenye vikonyo vya sukari vinavyochomoza nje. Si sukari ya chai. Ndiyo mafuta ninayoyasoma mimi kwa hawa panya. Mtoto anapoumbwa tumboni, na mwaka wa kwanza baada ya kuzaliwa, seli za ubongo hutambuana kwa vikonyo hivyo, zikajua uzi huu ufike wapi, uungane na upi, ule wa jicho uende kwa jicho, ule wa mkono kwa mkono. Na vikonyo havikai vile vile. Mtoto anavyokua vya zamani vinaondolewa, vinavunjwavunjwa, vipya vinawekwa. Kuvunja ni kazi ya kitu kiitwacho kimeng'enya, wewe kichukulie kama kibarua.

Fikiria mashine ya shemeji. Mpunga unaingia, mchele unatoka mbele, pumba zinatoka nyuma, na kuna mtu anazizoa. Sasa chukulia huyo wa kuzoa hayupo. Mwanzoni mashine inakoboa vizuri na hakuna anayeona tofauti. Kisha pumba zinafika magotini, zinafika kiunoni, mpaka mlango haufunguki. Hakuna adui aliyeingia humo. Ni pumba za mashine yenyewe. Ndiyo maana Tereza alizaliwa mzuri, akacheka, akakaa, kisha akaanza kurudi nyuma.

Lile doa si damu. Seli za nyuma ya jicho zimejaa mafuta hayo zikawa nyeupe, isipokuwa pale katikati ambapo hazipo, ndipo wekundu wa kawaida wa jicho unaonekana. Kuruka nako kunatokana na hayo.

Dada, hakuna dawa. Si Mpanda, si hapa, si Ulaya. Nimelia kabla ya kuandika sentensi hiyo na sasa naona nalia tena. Atapoteza kuona, na baadaye kumeza kutakuwa kugumu. Mlishe akiwa ameinuliwa, uji mzito, kidogo kidogo, usimlaze chali akila. Dawa za degedege usiziache, zinampunguzia mateso. Denis alikuwa na ugonjwa huu huu. Hukukosea kitu kwa Denis wala kwa huyu.

Kwa nini kibarua huyo hayupo, hilo nitakueleza ana kwa ana. Nitakuja Pasaka. Mpaka nifike nakuomba usibebe mimba.

Mdogo wako,
Lucas


Usevya
20 Machi 2024

Lucas,

Kwaresima njema. Baba hajambo. Mvua hii ya mwaka huu imekosa adabu, maji yanapita juu ya daraja na mabasi hayavuki. Barua yako iliningoja Mpanda mpaka mtu mmoja akavuka kwa miguu na begi kichwani. Kwa hiyo Pasaka usije, utakwama njiani.

Pumba nimezielewa. Nilikwenda nikasimama mlangoni kwa mashine nikawa naziangalia, Venansi akaniuliza nimepoteza nini.

Tereza haoni tena. Nikipitisha taa mbele yake macho yanabaki palepale. Ila bado ananijua kwa harufu, nikimweka kifuani anatulia, na juzi alitoa ile sauti yake ya kucheka. Mama mkwe aliisikia akasema mtoto anapona. Nilitamani kumzaba kibao na nilitamani kumkumbatia.

Sasa wewe. Kuna mahali umeruka. Umeniandikia kwamba hakuna dawa, neno zito kuliko yote, umeliandika kwa kalamu likatoka. Halafu kuna jingine ambalo kalamu haiwezi, eti mpaka uje. Na katikati unaniambia nisibebe mimba, kama mtu anayemwambia mwenzake asikanyage tope. Unajua kuishi na wakwe ambao umewazikia mjukuu mmoja na wa pili unamtazama anakwisha? Mama Katarina hajanitukana hata siku moja. Anauliza tu, mbele ya wageni, kama yule binti wa dada yake aliyeko Karema ameshaolewa.

Kama una neno, sema. Kama huna, nyamaza moja kwa moja na usiniwekee masharti kwenye kitanda changu.

Klementina


Dar es Salaam
7 Aprili 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pasaka njema iliyochelewa. Pole kwa macho ya Tereza. Mwambie mjomba wake anamsalimu, hata kama haelewi.

Una haki ya kukasirika. Nitasema ukweli: niliogopa. Mimi ninayewacheka wenzangu wanaomkimbia bundi, nilishika kalamu mkono ukagoma. Hata mwalimu wangu hapa chuoni, nilipomweleza habari za Denis na Tereza, aliniuliza lile swali mliloulizwa hospitali, na mimi, Lucas, mwenye shahada ukutani, nilijibu hapana. Lilitoka lenyewe. Nilifundishwa nyumbani kama nilivyofundishwa kunawa mikono.

Sasa naandika. Wewe na Venansi ni ndugu. Babu yetu na bibi yake Venansi ni tumbo moja, walinyonya ziwa moja.

Mtu hurithi maelekezo ya kumtengeneza yule kibarua mara mbili, kwa baba na kwa mama. Mwenye moja bovu na moja zima haumwi, wala hajui. Katika wazee wetu yupo aliyekuwa na moja bovu. Likashuka kimyakimya, upande mmoja likafika kwako, upande wa pili kwa Venansi. Mkikutana, kila mimba ni kama kuchota mbegu gizani kwenye vikapu viwili. Wengi watatoka wazima. Lakini mmoja katika wanne atapata bovu kwa baba na bovu kwa mama, na huyo hatakuwa na wa kuzoa pumba. Hakuna aliyeroga. Hakuna aliyelaaniwa. Mlijibu hapana kwa moyo safi na daktari akageuza ukurasa uliokuwa na jibu lake.

Baba Mkubwa namheshimu. Mbuzi wake alikata maneno, alikata nyama, akakata hata vinywa vyetu. Lakini mbuzi hakati damu.

Naomba uje na Venansi. Mwalimu wangu anaweza kupeleka damu yenu nje ikapimwa. Ukiniuliza itamsaidia nini Tereza, jibu ni kwamba haitamsaidia. Itamsaidia ambaye hajaja, ili mkiamua muamue mnajua. Na popote utakapoulizwa tena lile swali, dada, jibu ndiyo.

Mdogo wako anayekupenda,
Lucas


Kashaulili, Mpanda
22 Mei 2024

Dada,

Sina salamu ndefu. Shikamoo, na pole. Pole sana.

Niko hapa dukani kwa Cletus. Msiba wa Tereza nimeusikia kwake, kwa simu, watu wakiwa wameshaanua matanga. Mimi mjomba wake! Hata fundi wa jeneza alijua kabla yangu. Nikapanda basi siku iliyofuata, nikafika Mpanda juzi.

Jana asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye basi la Usevya, tiketi mkononi. Kabla halijaondoka Baba akapiga simu. Akasema, "Lucas, shuka." Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Shuka tu, mwanangu, usije huku," akakata. Nikashuka. Nimempigia tena hapokei. Venansi hapokei. Cletus ananipa chai bila kunitazama usoni, na Dorice akiniona anakumbuka kwamba ana nguo za kuanua.

Barua ya Aprili uliipata? Niambie hilo kwanza. Kisha niambie Tereza alikwendaje, kama alisongwa, kama aliteseka. Nimejua ugonjwa huu kwa panya na kwa vitabu, na sikuwepo kumshika hata mkono. Nina uchungu ambao sijui niuweke wapi.

Sitoki hapa mpaka nipate jibu lako.

Lucas


Usevya
3 Juni 2024

Lucas,

Barua hii anapelekewa Dorice mkononi akupe, haipiti kwa kondakta. Cletus usimlaumu, ameagizwa asiseme. Tunavuna. Mpunga umekubali mwaka huu kuliko miaka yote, mashine hailali.

Barua yako ya Aprili niliipata. Niliisoma nyuma ya mashine, kelele zikiwa juu, nikaisoma tena. Usidhani iliibiwa. Nilimpa Venansi mwenyewe. Peke yangu ilinilemea, nikataka tuwe wawili. Aliisoma huku foleni ya wateja imesimama, akazima mashine. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ameandika kabisa?" Hakuuliza kama ni kweli. Hapo nikaelewa kwamba ukweli wake alikuwa anaujua siku zote, kama mimi, na kwamba si ukweli uliomtisha.

Akamwambia mama yake. Haikupita wiki Tereza akaanza kushindwa kumeza. Nilimlisha kama ulivyonielekeza, nimemwinua, kijiko kwa kijiko, mpaka kijiko kikawa kinarudi kama kilivyoingia. Alikufa Jumatatu asubuhi mapajani mwangu, watu wakiwa wanatoka na mundu kwenda kuvuna. Hakusongwa. Alivuta pumzi moja ndefu, nikangoja nyingine, haikuja. Uliuliza, nimekujibu.

Utasema angekufa tu, barua au bila barua. Najua. Nilijua toka Februari uliponiandikia. Lakini watu wa hapa wameona hivi: mtoto aliugua miezi na miezi akavumilia, ikaja barua ya mjomba wake ikataja kisichotajwa, mtoto akafa. Wewe ungeona hivyo kwa panya wako ungesemaje?

Nami kuna nililokuficha. Nina mimba. Uliponiandikia nisibebe, nilikuwa nayo tayari, ndiyo maana nilikujibu kwa hasira. Ilikuwa inanitapisha nami naficha ndimu kwenye mfuko wa gauni. Huyu anacheza sana, hasa nikilala ubavu.

Juzi Jumamosi wazee walikaa, wa kwetu na wa kwao. Baba Mkubwa Salvator alisema njia ni mbili. Ama nirudi kwa Baba na tumbo langu, ndoa iishie hapo. Ama aliyelitaja atolewe kwenye udugu, ili alilolitaja liondoke naye lisimkute mtoto. Venansi alilia mbele ya watu. Mama yake alimvuta shati akaendelea kulia. Hakunifukuza, Lucas, na usimchukie. Alisema, "Achague mwenyewe, mie simsukumi."

Niliwaza kurudi kwa Baba, nikamtazama, naye alikuwa anatazama chini. Niliwaza kuja kwako Dar. Nikajiona kwenye chumba chako cha kupanga, na tumbo, nangoja karatasi kutoka Ulaya inieleze kama mwanangu ni yule mmoja au ni wale watatu. Na karatasi ikisema ni yule mmoja, ungenipa nini? Hakuna dawa, uliandika mwenyewe na ukalia. Wao wana dawa, au wanasema wanayo. Nimezika wawili. Mtu aliyezika wawili hachagui dawa kwa kuangalia imethibitishwa na nani.

Ngozi ya mbuzi wa pili niliishika kwa mkono wangu. Upande wako alishika Baba. Ngozi ikawa inamteleza, ikabidi aizungushe kiganjani. Baba Mkubwa akapitisha kisu. Nyama ya upande wako haikuwa na mlaji, wakaichimbia shimo wakaifukia. Kwa hiyo mimi na wewe si ndugu tena, na huyu akizaliwa hatakuwa na mjomba. Usinijibu, Dorice amekatazwa kupokea bahasha yako. Mtu akikuuliza kama una dada, sema huna. Utaona siku ya kwanza inakera, halafu mdomo unazoea.

Lakini nimelichukua lile neno lako, kwamba mbuzi hakati damu, nimelala nalo na kuamka nalo. Kama ulisema kweli, basi hakuna kisu kilichotufikia mimi na wewe, bado ni mdogo wangu, na wazee walipoteza mbuzi wao. Ila basi na huyu tumboni hana kinga yoyote. Na kama ulikosea, mwanangu atakaa, atatambaa, atanitazama usoni, na wewe nimekupoteza kweli kweli. Siwezi kuwapata wote wawili. Nikipiga magoti jioni, sijui nimwombe Mungu uwe umesema kweli au uwe umekosea.

Jana nilimwomba uwe umekosea.

Klementina